Jumapili ya 15 ya Mwaka C: Komeo na Jirani

Masomo: Kum 30:10-14; Kol 1:15-20; Lk 10:25-37



Kijana anapoondoka kijijini kwa mara ya kwanza kwenda Dar es Salaam, husindikizwa na baraka za wazee wake, na pamoja na baraka hizo hupewa maonyo. Fedha zako usiziweke zote katika mfuko mmoja. Ukishuka stendi, mzigo wako usimpe mtu akubebee. Usijionyeshe kuwa mgeni. Tembea kama mtu ajuaye aendako. Na onyo la mwisho, ambalo wengi wetu tuliozaliwa bara tumelisikia, ni hili: mtu usiyemjua akikuita ndugu, usigeuke.

Maonyo hayo hayatoki katika chuki. Hutolewa na mama ampendaye mwanawe. Hata hivyo, tukiyasikiliza kwa masikio ya Kikristo tutaona uchungu uliomo ndani yake. Sisi tumebatizwa ili tuitane ndugu, nasi tunaingia katika mji ambamo neno ndugu limegeuka kuwa dalili ya hatari.

Jambo hili linashangaza zaidi tukilikumbuka jina la mji wenyewe. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga karibu na kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, uliitwa Dar es Salaam. Wengine hulieleza jina hilo kuwa ni Nyumba ya Amani, wengine kuwa ni Bandari ya Salama. Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Wananchi nao wameupa mji huo jina lao, Bongo, wakimaanisha kwamba asiyetumia akili hawezi kuishi humo. Kati ya majina hayo mawili, lile la amani na lile la ujanja, ndipo wanapokaa wengi mnaotusikiliza asubuhi hii.

Basi tunajiuliza leo: ni kitu gani kinachoufanya mji mkubwa uwe salama kwa mwenyeji na kwa mgeni?

Injili Takatifu ya leo inatupa jibu, na inalitoa njiani. Bwana wetu Yesu Kristo hakuchagua mahali pa utulivu pa kusimulia mfano wake. Barabara itokayo Yerusalemu kwenda Yeriko huteremka kiasi cha mita 1,000 katika mwendo usiofika kilometa 30, ikipita kati ya majabali na makorongo ambamo mnyang'anyi hujificha kwa urahisi. Mtakatifu Jeromu, aliyeishi Bethlehemu miaka mingi hadi mwanzo wa karne ya 5, ameandika kwamba sehemu moja ya njia ile iliitwa kwa jina la damu, kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimwagwa hapo na wanyang'anyi. Wasikilizaji wa Yesu hawakuhitaji kufafanuliwa. Ni kama vile leo mtu akikutajia uchochoro fulani wa mtaani kwako na kuongeza kwamba ilikuwa saa sita ya usiku. Umekwisha kuelewa.

Lakini angalieni jambo moja. Bwana wetu anawataja wanyang'anyi kwa ufupi tu, kisha anawaacha. Hatuambii walitoka wapi, wala walikuwa wangapi, wala kama walikamatwa. Macho yake anayaelekeza kwa wapitaji. Kwa nini? Kwa sababu wanyang'anyi walimwachia yule mtu nusu ya uhai wake, na nusu ile iliyobaki ilikuwa mikononi mwa wapitaji. Kama Msamaria asingefika, yule mtu angekufa. Na tungesema ameuawa na wanyang'anyi, kumbe angekuwa ameuawa pia na watu wawili wema waliokuwa na haraka.

Tusimhukumu upesi Kuhani yule, wala yule Mlawi. Injili haisemi walikuwa wakatili. Yawezekana waliogopa. Yawezekana walisema moyoni: huyu aliyelala hapa pengine ni mtego, wenzake wamejificha nyuma ya jiwe. Mkazi wa mji mkubwa anayafahamu mawazo hayo. Ameyawaza mwenyewe jioni moja, alipomkuta mtu ameanguka kando ya njia, akajiambia kwamba huenda amelewa, akaongeza mwendo.

Wapendwa, hofu ina sababu zake. Wanatusikiliza sasa hivi mama ambaye cherehani yake, iliyokuwa ikiwalisha watoto wake, ilibebwa usiku. Binti atokaye kazini usiku, ambaye hushika funguo mkononi tangu anaposhuka kwenye daladala. Na familia ya kijana wa bodaboda aliyekodiwa na abiria asirudi tena. Hatuji hapa kuwaambia ndugu hawa kwamba hofu yao ni ya bure. Kufunga mlango si dhambi. Anayeuacha mlango wazi usiku kucha kwa kusema kwamba Mungu atalinda, huyo hamtumaini Mungu bali anamjaribu.

Lakini hofu ni kama moto wa jikoni. Ukiwa mafigani hupika. Ukitoka mafigani huunguza nyumba. Mnakumbuka mwanzoni mwa Januari 2015, habari za kundi la vijana lililoitwa Panya Road zilipoenea jioni moja jijini Dar es Salaam. Zilienda kwa simu, kutoka mtaa hadi mtaa. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia, wengine wakajifungia ndani, hata katika mitaa ambayo kundi hilo halikukanyaga. Vijana wale walikuwa wa kweli na madhara yao yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, hofu ilifika mahali ambapo wao hawakufika.

Na hofu hiyo imebadilisha hata namna tunavyojenga. Nyumba ya zamani ya Kiswahili, kule Kariakoo, Ilala au Magomeni, ilikuwa na baraza mbele. Barazani palikaa wazee wakicheza bao, muuza kahawa akapita na birika lake, fundi akashona nguo, mama akakaanga maandazi, na wote hao, bila kuajiriwa na mtu, waliulinda mtaa. Mtoto akipotea walimwona. Mgeni akifika aliulizwa amtafuta nani, akapelekwa mpaka mlangoni. Mwandishi mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu maisha ya miji mikubwa, alieleza kwamba amani ya mtaa hutunzwa kwanza na macho ya wakazi na wenye maduka wanaoutazama, na baada ya hapo ndipo huja polisi. Wazee wetu wa barazani walilijua jambo hilo bila kulisoma.

Leo mwenye uwezo kidogo hujenga ukuta kwanza, kisha nyumba. Juu ya ukuta hupanda vipande vya chupa au seng'enge. Madirishani huweka nondo. Getini huandika kwamba kuna mbwa mkali, hata kama hajawahi kufuga mbwa. Hatusemi ukuta ni haramu. Tunasema kwamba ukuta unaomzuia mwizi asikuone, humzuia pia jirani asikuone siku mwizi atakapokuwa amekwisha kuingia ndani.

Hapa tunaomba ruhusa kuwasimulia tukio moja. Tulipokuwa tukihudumu katika parokia ya pembezoni mwa jiji, kijana wa miaka 19 alikuja kutoka bara kumtafuta mjomba wake. Basi lilichelewa, na simu yake ilikuwa imezimika. Akafika mtaani karibu saa saba ya usiku, akiwa na alama moja tu aliyopewa: geti la bluu, jirani na mashine ya kusaga. Mageti ya bluu yalikuwa mengi. Akaanza kugonga. Alipogonga geti la tatu, sauti ikapigwa kutoka ndani: Mwizi!

Kitambo kidogo tu, watu wakajaa. Walikuja na fimbo na mawe, na mmoja, inasemekana, alikuwa amekwisha kwenda kutafuta tairi. Kijana alipiga kelele akilitaja jina la mjomba wake, tena na tena. Hakuna aliyelijua. Mjomba yule alikuwa amekaa katika mtaa ule miaka sita, lakini alitoka alfajiri na kurudi usiku, na majirani walimwita Baba Geti la Bluu. Jina lake la ubatizo na la ukoo halikuwa limewahi kutamkwa mtaani pale.

Aliyemwokoa kijana alikuwa bibi mmoja muuza vitumbua, Mwislamu, aliyekuwa ameamka mapema kuandaa unga wake. Akapita katikati ya watu, akamfunika kijana kwa kanga yake, akaketi chini pale vumbini karibu naye. Akasema: "Wanangu, atakayempiga tena aanze na mimi. Huyu ni mgeni wangu." Watu wakanyamaza. Wengine walikuwa wamekula vitumbua vyake tangu utotoni, hawakuweza kumpiga. Akaomba aitwe mwenyekiti wa mtaa, na kijana akapelekwa hospitali. Alipona, ingawa mkono wake uliovunjika uliunga vibaya. Akarudi kwao, wala hajaja tena mjini.

Na mjomba? Nyumba yake haikuwa mbali na pale hata hatua hamsini. Siku chache baadaye alikuja kwetu, mwanaparokia mwema, mlipaji wa zaka, mtu ambaye hakukosa Misa. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akatuambia, na ametupa ruhusa tuyaseme: "Padre, nilisikia. Nilisikia hata jina langu likiitwa. Nikadhani ni hila za wezi. Nikaongeza komeo."

Hatujaweza kuyasahau maneno yale. Tunapoisoma Injili ya leo, tunaona kwamba yule Kuhani na yule Mlawi hawakuwa na uso wa mtu mbaya. Walikuwa na uso wa mtu kama sisi, aliyesikia akaongeza komeo.

Wala hatuna sababu ya kumrushia mjomba yule mawe. Nyumba yetu ya mapadre nayo ilikuwa na ukuta, geti na mlinzi. Zaidi ya mara moja mtu alibisha usiku, nasi tukamtuma mlinzi amwambie arudi asubuhi. Wengine hawakurudi asubuhi. Hatujui walikuwa na haja gani. Bwana anajua.

Tena liko kundi lile. Magazeti yetu yana maneno yake yaliyozoeleka: wananchi wenye hasira kali. Maneno hayo yametusaidia kuficha jambo zito, kwa maana hasira kali haina jina, wala haina mikono, wala haibatizwi. Lakini wenye mikono walikuwa na majina. Vijana wawili walitujia baadaye, si katika kitubio bali barazani, wakasema walikuwapo, na kwamba Jumapili iliyofuata walipanga foleni wakapokea Komunyo Takatifu. Nao walitaka lisemwe, ili wengine waogope.

Taarifa za haki za binadamu zinazotolewa kila mwaka na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimetaja kwa miaka mingi mamia ya watu wanaouawa hivyo nchini mwetu katika mwaka mmoja. Baadhi yao walikuwa wezi. Baadhi yao walikuwa wageni waliopotea njia. Kundi haliulizi. Na hata kama ni mwizi kweli, je, amri ya tano imefutwa kwa ajili ya televisheni? Kanisa, katika Katekisimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki hata ikitolewa na dola yenye mahakama na majaji. Sembuse kundi la watu gizani, lisilojua hata jina la mtuhumiwa? Tena tukumbuke kwamba Mwokozi wetu alikufa katikati ya wahalifu wawili, na wa kwanza kuahidiwa mbingu siku ile alikuwa mmoja wao.

Wapendwa, mtu atauliza: basi tufanye nini, sisi watu wadogo katika mji mkubwa? Polisi hawatoshi, taa za barabarani hazifiki mitaa yote. Ni kweli, na ni haki yetu kuwadai viongozi taa, barabara na doria. Hilo nalo ni tendo la upendo kwa jirani. Lakini somo la kwanza linatuzuia tusiishie hapo. Musa anawaambia Waisraeli kwamba amri ya Mungu haiko juu mbinguni hata atafutwe mtu wa kuipanda, wala haiko ng'ambo ya bahari hata atafutwe wa kuvuka kuileta. Iko karibu, kinywani na moyoni. Wahenga wetu nao walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Usalama wa mtaa wako hauanzii makao makuu. Unaanzia mlango wa pili.

Kwa hiyo tunawaachia mambo matatu, hasa ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya.

La kwanza, tujuane kwa majina. Nchi yetu ilikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Kenya nayo, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, iliuhimiza mpango ulioitwa kwa jina hilohilo la Kiswahili, Nyumba Kumi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika AMECEA, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao mwaka 1976. Basi jumuiya isiwe mahali pa rozari na michango tu. Wiki hii, kila mmoja ahesabu nyumba kumi zinazomzunguka, za Wakristo na za Waislamu, na ajiulize anajua majina mangapi. Asiyoyajua, akayaulize.

La pili, tumpokee mgeni kabla hajapotea. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Anapohamia mpangaji mpya, jumuiya imtembelee kabla wiki haijaisha, hata kama hasali kwetu. Na wewe uliyemwalika mpwa wako kutoka kijijini, usimpe rangi ya geti peke yake. Mpe jina lako kama majirani wanavyolijua, na uwaambie majirani kwamba anakuja.

La tatu, siku itakaposikika sauti ya mwizi, toka nje. Usitoke na jiwe. Toka na mwenzako, toka na taa, mwite mwenyekiti wa mtaa, piga simu polisi kwa namba 112, kisha fanya alivyofanya bibi wa vitumbua: uliza huyu ni nani. Swali hilo moja likiulizwa kwa sauti, jiwe la kwanza huwa zito mkononi.

Mababa wa Kanisa, kama Origene na Mtakatifu Augustino, waliona katika Msamaria sura ya Kristo mwenyewe, na katika nyumba ya wageni sura ya Kanisa. Mtakatifu Paulo leo anatuambia kwamba katika Kristo vitu vyote vinashikamana, na kwamba alileta amani kwa damu ya msalaba wake. Ndiye aliyetukuta njiani. Hakupita kando. Ametukabidhi majeruhi wake, ametuachia gharama, na ameahidi kwamba atarudi. Atakaporudi, hatatuuliza kuta zetu zilikuwa na urefu gani.

Nabii Zakaria, alipoonyeshwa Yerusalemu wenye amani, hakuoneshwa askari wala malango ya chuma. Aliona wazee, wanaume kwa wanawake, wamekaa katika njia za mji wakiegemea fimbo zao kwa ajili ya wingi wa siku zao, na njia hizo zimejaa watoto wakicheza. Hicho ndicho kipimo cha Mungu cha mji wa salama. Leo jioni, ukirudi nyumbani, utazame mtaa wako kwa kipimo hicho. Kisha, kabla hujatia komeo, vuka njia ukamsalimu jirani, ukamwambie jina lako.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.